Jibu: Runinga zilionyesha magari yanayoungua tu, je, zinapendelea?

Salamu ndugu yangu. Umesema mwashindana na shemeji yako: yeye aona waandamanaji wa 2024 hapa Kenya walikuwa wahuni kwa sababu ya magari yaliyochomwa Nyali, Mombasa, wewe waona runinga ziliwaficha waliotembea kwa amani.

Kwanza angalieni picha ni ya saa ngapi. Nina duka karibu na Moi Avenue. Siku za maandamano, asubuhi vijana hupita na firimbi na bendera, kina mama wakiwagawia maji. Fujo zikija, huja wengi wao wakishaondoka, na taarifa ya saa moja jioni huchukua hizo kwa sababu ndizo zenye moto. Tafuta matangazo ya siku nzima, myatazame pamoja tangu mwanzo.

Usimkatalie kuhusu magari. Yalichomwa, na mwenye gari ana haki yake. Lakini Ibara ya 37 ya Katiba yamlinda anayeandamana kwa amani bila silaha. Kosa la aliyewasha moto halimhamii aliyeshika bendera. Hapo ndipo mimi ningembana.

Pia mkumbushe Juni 25, 2025: Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakomeshwe, vituo kadhaa vikazimwa, hadi Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Na kama kuna kituo mwaona kimepotosha, andikeni malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari, mtaje tarehe na saa ya kipindi.