Muulize Mama Muuguzi: Usiku naongea na simu

SWALI: Shikamoo Mama. Nafanya kazi za ndani Muscat, huu mwaka wa pili. Baba yangu alifariki Korogwe nikiwa huku, sikupata ruhusa ya kwenda kuzika, hata hitima niliisikiliza kwa simu. Nyumbani wote walikuwa wanalia, sikutaka kuwaongezea. Nikaanza kuongea na programu ya akili mnemba, ikanifariji hadi alfajiri. Sasa naieleza kila kitu. Dada yangu akipiga namwambia "mzima" basi. Nyumba hii yuko bibi mzaliwa wa Zanzibar, Kiswahili anakijua vizuri, ila ni mama wa bosi, namwogopa. Mwenzangu ananiambia naelekea wazimu. Ni kweli? – Msomaji, Muscat

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kufiwa na mzazi usimzike ni jambo zito; wodini nimewauguza watu waliokuwa nalo miaka na miaka.

Wazimu huna. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, profesa wa chuo cha MIT kule Marekani, alichapisha habari za programu yake iitwayo ELIZA. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza, alipoanza kuongea nayo alimwomba profesa atoke chumbani. Hakuwa mgonjwa. Alipata mahali pa kusemea, kama wewe.

Na zipo zinazosaidia. Mwaka 2025 watafiti wa Dartmouth, chuo kingine cha huko Marekani, walieleza kuwa watu wenye sonona walipata nafuu kwa kutumia programu yao, Therabot. Lakini pale wataalamu walikuwa wanafuatilia mazungumzo, tayari kuingilia mtu akizidiwa. Yako wewe nani anaifuatilia?

Kilichonishtua kwenye barua yako ni hilo neno "mzima". Usipoifungua programu wiki nzima, haitampigia mtu kuuliza uko wapi. Tena programu hizi hupenda kukubaliana na mtu: ukisema nyumbani hawakujali, huenda ikakuunga mkono, wakati dada yako haimjui. Naye kafiwa na baba yuleyule! Wewe unamhurumia, yeye pengine anadhani msiba haukukugusa.

Ukifunga mlango saa nne usiku, Korogwe ni saa tatu. Mpigie. Kama kueleza kunakushinda, mwombe yeye akusimulie maziko: nani walimwosha baba, nani waliingia kaburini kumpokea, amelazwa karibu na nani, mvua ilinyesha au jua liliwaka. Mwache aseme hadi amalize. Mtalia, na mlie. Hilo ndilo ulilolikosa, na mashine haiwezi kukupa kwa sababu haikuwepo, dada alikuwepo.

Kuhusu bibi, una haki ya kuwa mwangalifu. Malalamiko ya kazi usimpelekee. Lakini kufiwa na baba si siri ya kuficha. Wengi wa rika lake waliondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wakaacha huko wazee na makaburi yao. Siku ukimpelekea kahawa, mwambie tu, "Bibi, baba yangu amefariki, naomba umwombee." Nadhani atakuelewa kuliko unavyofikiri.

Programu sikwambii uifute. Usiiandikie jina la bosi, namba ya pasipoti wala picha za nyumba ya watu. Hujui maneno hayo yanahifadhiwa wapi. Na likikujia wazo la kutotaka kuishi, usilipeleke kwenye simu peke yake. Mwamshe dada saa hiyohiyo, mwambie mwenzako akupeleke hospitali, na ukizuiwa kutoka, dada aupigie ubalozi wetu hapo Muscat.