Kabla ya Kuhesabu Vipepeo, Tazama Upepo

Baada ya mvua nzuri, watu huniuliza kwa nini vipepeo weupe waliofurika nyikani jana leo hawaonekani, na kama ndiyo kusema msafara wao wa kuhama umekwisha. Kabla ya kujibu, huwauliza upepo wa leo unatoka wapi. Kwa muda ambao nimekuwa nikimfuatilia Belenois aurota, yaani kipepeo huyo mweupe, katika nyika ya Tsavo, nimeona kwamba idadi ya vipepeo wanaopita mbele ya macho yetu hutueleza habari za upepo kabla haijatueleza habari za msafara wenyewe.

Upepo hupungua kasi karibu na ardhi kwa sababu ya kusuguana na nyasi, vichaka na miti, na kadiri unavyopanda juu ndivyo unavyozidi nguvu. Kipepeo anayekabiliwa na upepo wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele yake, hushuka kwenye tabaka hilo la chini, ambamo kasi yake mwenyewe bado inaushinda upepo, akapita usawa wa magoti au kiuno cha mtu, akijikinga nyuma ya uzio na kingo za barabara. Upepo ukimsukuma kutoka nyuma, hana sababu ya kubaki chini. Hupanda, na akipanda vya kutosha jicho halimpati tena. Kwa hiyo siku tunayoshangilia wingi wao huenda ikawa ndiyo siku ngumu kwao, na siku tunayosema hakuna kitu huenda maelfu wanapita juu ya vichwa vyetu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana Uingereza kwa Vanessa cardui, kipepeo mwingine anayehama, ambaye pia yuko kwetu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba vizazi vya kiangazi hufia kaskazini mwa Ulaya, kwa kuwa hakuna aliyewaona wakirudi kusini. Rada zilipochunguzwa kuhusu msafara wa mwaka 2009, ziliwaonyesha wakirudi kwa mamilioni, kwa wastani wakiwa zaidi ya mita 500 juu ya ardhi na wakitumia pepo zinazoelekea kusini. Mwezi Oktoba 2013 vipepeo wa spishi hiyohiyo walikutwa ufukweni Guyana ya Kifaransa, Amerika Kusini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, umbali wa kilomita 4,200 au zaidi, jambo lisilowezekana bila upepo wa nyuma.

Upepo wa ubavuni ndio unaowachanganya wengi. Hapo kipepeo huelekeza kichwa upande mmoja na mwili wake ukasogea upande mwingine, kama mtumbwi unaovuka mto wenye mkondo, kwa hiyo usiandike uelekeo kwa kutazama kichwa peke yake. Chagua miti miwili iliyo mbali, uone anapita kati yake kuelekea wapi. Katika Ziwa Gatún, Panama, watafiti waliowafuata vipepeo kwa boti waligundua kwamba baadhi yao hurekebisha uelekeo ili wasipeperushwe nje ya njia yao. Ndiyo maana mimi siwakubali wanaosema kwamba kipepeo huenda tu anakopelekwa.

Kwa vitendo, simama mahali pa wazi, mbali na miti mikubwa inayopindisha upepo, kisha udondoshe vumbi kidogo na uangalie linakoelekea. Rudia kila saa, hasa pwani, ambako upepo wa bahari hubadili mambo mchana. Elekeza darubini juu, kwenye ukingo wa wingu jeupe, kwa sababu huko ndiko vidoa vinavyosogea huonekana kwa urahisi kuliko kwenye anga tupu. Katika daftari, andika upepo unakotoka, kipepeo anakokwenda, na kimo chake kwa makadirio: chini ya kimo cha kichaka, usawa wa miti, au juu zaidi. Usipoona hata mmoja wakati upepo unavuma kuelekea uelekeo wa msafara, andika kwamba hawakuonekana, wala usiandike kwamba hawakuwapo.