Fundi, naweza kumwaga oili ya IST yangu mwenyewe?

*Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, gia automatiki. Gereji ninayoenda wakimwaga oili filta wanaiacha, wanasema inabadilishwa kila baada ya kumwaga mara mbili. Halafu galoni la lita nne wanalimimina lote. Nataka nianze kufanya mwenyewe uani. Shimo la kuingilia chini ya gari sina, nina jeki iliyokuja na gari. Nitaweza? – Mwalimu, Morogoro*

Marahaba mwalimu. Utaweza, ila kwa jeki hiyo peke yake, hapana. Hiyo ni ya kubadilishia tairi tu. Tafuta stendi mbili za chuma, uziweke kwenye sakafu ngumu, chini ya ubavu wa gari pale palipokatwa alama za kuwekea jeki. Gia iwe kwenye P, handibreki juu, tairi za nyuma uzizuie kwa mawe. Tofali usitumie kabisa, hupasuka bila kukuonya. Kabla ya kuingia chini lisukume gari kwa mikono. Likitikisika, shusha upange upya. Nakuomba sana hapo usifanye haraka.

Sasa filta. Injini yako inachukua lita 3.7 ukibadilisha filta, na 3.4 ukiiacha. Maana yake wakiiacha, wanakubakizia karibu theluthi ya lita ya oili chafu ndani ya oili mpya, kisha wakimimina galoni zima inazidi kwa zaidi ya nusu lita. Ikizidi hivyo krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, inaweza kuipiga ikafanya povu, na povu halilainishi chuma. 1NZ inatumia cheni, na kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka, nayo ni hivyo hivyo. Filta ikiziba, vali yake ya ndani hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Badilisha kila unapomwaga, usikubali hadithi ya mara mbili.

Washa injini dakika chache ipate joto, zima, iache ipoe kidogo isije ikakuunguza. Ukiwa chini, kuwa makini na hili: vizibo ni viwili, na watu huvichanganya. Cha injini kiko kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ni bolti ya spana namba 14. Cha gia boksi kina tundu la pembe sita katikati. Oili ya gia ikiwa nzima ni nyekundu, ikizeeka huwa kahawia, ndiyo maana mtu hudanganyika. Anamwaga ya gia, anaongeza ya injini juu ya iliyomo, anawasha, na gia boksi inasagika kavu. Kwa hiyo kabla hujamimina kitu, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili ya injini, ifute, ichovye tena. Ikionyesha bado oili iko kwenye alama, umefungua pasipo penyewe. Usiwashe gari.

Bolti ikilegea, malizia kwa vidole huku unaisukuma juu, kisha ichomoe mara moja. Oili haidondoki wima, inaruka pembeni kidogo, basi beseni liwe pana. Wosha, kile kipete cha bolti, weka mpya. Kurudisha, anza kwa mkono mpaka ikae, spana iwe ya kukazia tu. Nyuzi za sampo zikila, gharama yake inapita ya oili.

Filta ya zamani ikitoka, iangalie mdomoni kama mpira wake umetoka nao. Mara nyingine hubaki umenata kwenye injini, na filta mpya ikifungwa juu yake mipira inakuwa miwili, oili yote inaweza kumwagika kwa muda mfupi. Pangusa kwa kitambaa, paka oili safi kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko.

Mimina lita tatu na nusu za 5W-30, washa. Taa nyekundu ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Chungulia chini kama pamevuja, zima, ngoja dakika tano, pima, ongeza taratibu. Galoni uwe umelinunua duka unaloliamini, lakiri ikiwa nzima, maana za kuchakachuliwa zipo.

*Fundi, nina galoni la oili chafu. Nipake nguzo za banda la kuku dhidi ya mchwa? – Mama Kuku, Mkuranga*

Mama, usipake. Najua wengi wanafanya, lakini oili iliyotumika ina masizi na mabaki ya metali, na ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani. Kuku watajipangusa hapo, mvua itaiosha iingie udongoni, na kisima kikiwa jirani ndiyo balaa. Irudishe kwenye galoni lake, funga vizuri, peleka gereji au kituo cha mafuta chenye pipa la kukusanyia. Nguzo utumie dawa ya mbao ya dukani, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuingiza kuku.