Kabla ya Kuulizia DNA ya Uyoga, Kausha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Njombe aliniandikia. Kwao ilikuwa asubuhi. Kwangu hapa Columbus, Ohio, ilikuwa katikati ya zamu ya usiku. "Shikamoo dada. Nimeona unapima DNA ya uyoga. Huku kwetu umejaa porini. Nikikutumia kwa posta utanipimia? Nataka upewe jina langu." Chini akaweka picha nne.

Nilicheka peke yangu kwenye korido ya wazee waliolala. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu miaka minne iliyopita ujumbe ule ningeuandika mimi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi si mwanasayansi. Ni mtoto wa Mufindi, natunza wazee usiku, na siku za mapumziko naingia msituni na kikapu. Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba napima DNA ya uyoga aliuliza, "Kwani baba yake amemkataa?" Simlaumu. Kwetu ukisikia DNA, akili inakimbilia kwa Mkemia Mkuu na kesi ya matunzo ya mtoto.

Yote yalianza na uyoga wa rangi ya kiini cha yai chini ya miti ya mwaloni. Nikaupiga picha, nikauweka iNaturalist, mtandao ambako watu hutambulishana viumbe kwa picha, nikaandika jina nililolikuta kitabuni, Cantharellus cibarius, na kifua mbele. Baada ya nusu saa mtu nisiyemjua akanisahihisha: jina hilo ni la uyoga wa Ulaya. Nilikasirika, nikaenda kusoma ili nimshinde, nikakuta amesema kweli. Kwa miaka mingi Wamarekani waliuita uyoga wao kwa jina la Ulaya kwa sababu unafanana kwa macho. Ulipopimwa vinasaba ukaanza kugawanyika. Wisconsin peke yake, mwaka 2013, ziliandikwa spishi tatu mpya za jamii hiyo, na moja kati ya zilizokuwa zikiitwa cibarius ikaitwa phasmatis, yaani ya mizimu. Hapo ndipo niliponaswa. Kumbe kitu ambacho watu wanakichuma na kukikaanga kila mwaka kinaweza kuwa hakina jina!

Nikajiunga na chama cha wapenda uyoga. Mwaka huo walikuwa wanakusanya sampuli za wanachama kupeleka maabara, bure. Nikachuma sampuli kumi na moja kwa asubuhi moja. Nikazitia kila moja kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga vizuri, nikaweka kwenye friji karibu na mchicha, nikaenda kazini. Mwenzangu akaugua, nikashika zamu mbili mbili kwa siku tatu. Niliporudi, nilifungua friji nikakutana na uji wa kahawia wenye harufu ya samaki wa juzi. Vipande viwili tu vilikuwa na umbo. Nikavianika dirishani, nikavipeleka.

Majibu yalikuja baada ya miezi. Vyote viwili vilisoma Trichoderma. Huo ni ukungu unaoota juu ya uyoga unaooza.

Sasa sikilizeni. Kwenye mkutano, mzee mmoja anayeheshimiwa pale alisoma orodha kwa sauti, alipofika kwenye jina langu akasema, "Huyu ametupimia friji yake." Watu kama arobaini wakacheka. Nilikuwa mtu mweusi peke yangu ukumbini, na lafudhi yangu walishaijua. Najua ulikuwa utani. Bado nikiukumbuka masikio yanapata moto.

Sikurudi kwa miezi sita. Nilichofanya ni kununua mashine ya kukaushia matunda, ya mitumba, dola 12. Hiyo ndiyo siri yangu yote, na ukiishia kusoma hapa hujakosa kitu. Kausha. Siku hiyo hiyo, kabla ya kuoga, kabla ya kula. Joto liwe la wastani, nyuzi 40 hivi, usiku kucha, mpaka uyoga uvunjike kama kaukau. Ukipinda badala ya kuvunjika, bado. Mkubwa upasue katikati. Kisha utie kwenye mfuko pamoja na vile vifuko vya punje zinazonyonya unyevu tunavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Huna mashine? Bibi zetu walikausha uyoga kabla ya umeme kufika: juu ya jiko, kwenye ungo, mbali na moshi mzito. Usiupike tu.

Na karatasi. Kila uyoga na kakaratasi kake, kenye namba ile ile ya picha zako, kaingie nao kwenye kikaushio na katoke nao. Andika mti uliokuwa jirani, udongo, tarehe, mahali. Piga picha juu, chini ya kofia, na kitako cha shina baada ya kuchimba taratibu. Wengi mnaukata kwa kisu juu ya ardhi, kichwa kinakuja, kitako kinabaki, na ukiwa ni jamii ya Amanita, yenye baadhi ya uyoga wa sumu kali, basi umeacha kitambulisho shimoni.

Watu wanadhani kazi ni DNA. Maabarani wanachukua kipande kidogo kuliko punje ya mchele, wanatoa vinasaba, wananakili sehemu moja iitwayo ITS, ambayo tangu 2012 ndiyo inayotambulika rasmi kama msimbo wa kutambulisha kuvu wote, kisha wanaisoma herufi kwa herufi: A, C, G, T, kama mia sita hivi. Siku hizi kuna kifaa cha kusomea kinachokaa mfukoni, na sampuli nyingi zinachanganywa pamoja zikiwa na alama zake, gharama inashuka hadi dola chache kwa kila moja. Sehemu hiyo imekuwa rahisi. Kigumu ni wewe usiku, umechoka, na uyoga upo mezani.

Mwaka 2014 wataalamu wawili wa Kew, bustani ya utafiti wa mimea na kuvu ya London, Bryn Dentinger na Laura Martínez Suz, walinunua dukani London pakiti ya uyoga mkavu wa porcini, wakapima vipande 15, wakakuta spishi tatu ambazo hakuna aliyewahi kuzipa jina. Pakiti ya dukani, jamani! Iliwezekana kwa sababu aliyeuchuma China aliukausha. Ila hakuna aliyeandika ulisimama chini ya mti gani, na hilo DNA haikuambii.

Msimu uliofuata nilileta sampuli ishirini na sita, kavu zote. Ishirini na tatu zilisomeka vizuri. Mmoja ulikuwa kauyoga ka kahawia, kadogo kama kifungo cha shati, ambako wenzangu walikaruka wakikimbilia vya kula. Nilipoupeleka mfuatano wa herufi zake kwenye GenBank, hazina ya mtandaoni ya vinasaba vilivyokwisha kusomwa, kulinganisha, wa karibu zaidi ulifanana kwa asilimia 92 tu. Mara nyingi ikishuka chini ya 97 watu wanaanza kukaa vizuri kwenye viti, maana huenda ni spishi isiyo na jina. Yule yule mzee alisimama mkutanoni akasema, "Tumepata kitu." TUMEPATA. Nikanyamaza, maana nimelelewa. Lakini kakaratasi kana mwandiko wangu, na namba ni yangu.

Mpaka leo hakana jina, na sijalala njaa kwa hilo. Kwa hiyo mdogo wangu wa Njombe, na ninyi wengine mnaotaka majina yenu yabandikwe, tulieni. Kujipa mwenyewe jina la spishi hakukatazwi, ila wenye fani wanakuona huna haya. Asilimia nayo si hukumu: kwenye GenBank kuna mifuatano mingi yenye majina ya makosa, na zipo spishi ambazo ITS peke yake haizitenganishi. Kizazi hiki mnataka mavuno bila jembe. Mnatuma picha moja, ya juu, yenye kivuli cha simu, halafu mnauliza "huu ni gani?" Kausheni kwanza! Na msinitumie kwa posta. Uyoga wa porini kuvuka mpaka kwa ajili ya vinasaba unahitaji vibali, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ililetwa ili mali ya nchi isiondoke kimya kimya kama ilivyozoeleka. Vibali vya utafiti vinatolewa na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi yake ya mimea mikavu, na watu wake walishawahi kuzunguka vijijini na Wafini wakiandika uyoga wa Tanzania. Anza huko.

Kingine, ambacho mimi nilikikosa. Bibi yangu alikuwa na jina la kila uyoga, ule wa kichuguuni ambao mchwa wenyewe ndio wanaulima, ule wa chini ya miombo, ule wa kuacha. Sikuandika hata moja. Alifariki nikiwa huku. Wewe bado una bibi, umesema mwenyewe kwenye ujumbe. Mwonyeshe, mwandikie jina kwenye kakaratasi, kwa Kibena kama anavyolitamka.

Picha zako nimeziangalia. Ya kwanza na ya pili ni uyoga unaoota na misonobari ya kupandwa, ulikuja na miti yenyewe. Ya nne haionekani. Ya tatu, ule mdogo wa zambarau, rudi pale pale mvua ikinyesha, chimba mpaka kitako, na usiulete nyumbani kwenye mfuko wa plastiki.