Usimuulize kama yuko salama, muulize jana alilala saa ngapi

Hapa kwetu Mombasa ukimuuliza mtu hujambo atakwambia sijambo, ukimuuliza habari atakwambia nzuri hata kama jana ametoka kuzika. Ni adabu, ndo tulivyolelewa, na mimi sina ugomvi na adabu. Lakini mwaka 2020 niliugua ugonjwa wa huzuni nzito, ule wa depression, na hilo jibu la "salama" lilikaribia kunimaliza, na naandika haya kwa sababu najua kuna mtu saa hii ameshika simu, ameulizwa mambo vipi akajibu poa, na si poa.

Nlikuwa weita kwenye hoteli moja huko Shanzu, miaka tisa. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, wageni wakaanza kuondoka, na kabla mwezi haujaisha tushaitwa sote tukaambiwa twende nyumbani likizo bila mshahara, tutapigiwa simu. Nikarudi Kibokoni, huku Mji wa Kale, kwenye nyumba ya mamangu, nikavua viatu vyangu vyeusi vya kazi nikavisukuma chini ya kitanda.

Baada ya hapo mambo yakaja moja juu ya jengine. Kafyu kuanzia 27 Machi, saa moja jioni mpaka kumi na moja alfajiri. Misikiti ikafungwa, adhana twaisikia lakini twaswali nyumbani. Aprili kaunti nzima ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Halafu tarehe 6 Mei, tuko katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukawekewa vizuizi, maana wagonjwa walikuwa wanaongezeka na watu wengi walikataa kwenda kupimwa kwa kuogopa kupelekwa karantini. Siwalaumu, hata mamangu aliogopa.

Sasa nataka mjue ilivyoanza, maana mimi nlikuwa najua mtu mwenye huzuni atalia, na mimi sikulia hata siku moja. Kilichonijia ni uzito. Futari iko mezani, viazi vya nazi, kaimati, uji, vile vitu nlivyovipenda tangu utotoni, nakula tonge mbili naona kama natafuna karatasi. Usiku silali, nasikiza feni mpaka adhana ya alfajiri, halafu mchana mwili wote wauma kana kwamba nimebeba magunia bandarini. Meseji sijibu. Baraza ya pale nje tuliyokuwa tukikaa na kahawa chungu na kashata ilikuwa tupu kwa sababu ya korona, na mimi nkawa nashukuru iko tupu, sitaki kuonana na mtu. Hilo ndo lingenishtua mapema kama ningejua.

Siku moja nikavivuta vile viatu chini ya kitanda. Masika hayo, unyevu kila mahali, vimemea ukungu wa kijani mpaka kwenye kamba. Nilikaa navyo mkononi kutoka adhuhuri hadi alasiri bila kuvifuta, nawaza tu kwamba mwenye viatu kama hivi haitwi tena kazini, hafai kwa lolote, bora asiweko. Na hilo la bora nisiweko sikumwambia mtu yeyote.

Dadangu akaa Likoni na alikuwa anipigia kila siku baada ya alasiri. Wajionaje? Salama. Mama je? Salama. Basi haya. Tukaenda hivo siku nyingi, mpaka siku moja hakuniuliza najionaje, akaniuliza "jana ulilala saa ngapi?" na wallahi sikuwa na jibu, kwa sababu swali lile halina jibu la adabu, ama useme saa ama useme hukulala. Nikamwambia sikulala. Akasema, na juzi? Nikamwambia juzi pia. Akauliza nimekula nini kwa futari jana, nikanyamaza, na yeye akanyamaza na mimi kwenye simu, namsikia anavyopumua. Hakunambia niswali zaidi, hakunambia kuna wenye shida kunizidi. Akasema tu "kesho ntapiga saa hii hii ntakuuliza tena." Na akapiga, kesho na keshokutwa na siku ilofuata, na siku ya nne ndo nkamwambia lile la viatu.

Kwa hivo ushauri wangu mkubwa ni huo, na yalobaki yote naona yako chini yake. Kama una mtu unamhofia, uliza vitu vinavyohesabika. Alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, amekula nini, ametoka nje lini mara ya mwisho, ameoga leo? Halafu akikujibu usikimbilie kumpa dawa ya maneno. Tunapenda sana kusema "jikaze" hasa kwa wanaume, na mwanamume aliyepoteza kazi ashajikaza vya kutosha, kujikaza ndo kumemfikisha hapo.

Kuna la kusomewa pia. Mamangu alidhani nimepatwa na hasad ya watu au jini, akamwita ammi yangu aje anisomee Qur'ani, na sikukataa, nilipata utulivu na mpaka leo namshukuru. Lakini usingizi haukurudi. Mtu asikufanye uchague kati ya dua na daktari, mimi nilivitumia vyote viwili na sikuona vikigombana.

Hospitali nlienda Julai, hospitali ya serikali, wakati huo kaunti ishafunguliwa. Daktari alinisomea maswali tisa kutoka kwenye karatasi, yote kuhusu wiki mbili zilopita: je, vitu ulivyovipenda havikupi raha, una huzuni au umekata tamaa, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umefeli, kushindwa kutuliza akili, kuwa mzito au kutotulia, na la mwisho kama umewaza bora ufe. Kila moja unajibu ni siku ngapi. Lile la mwisho nilitaka kusema hapana, na nikasema ndio. Hakushtuka, hakuita askari, akaendelea kuniuliza kwa upole kama nimepanga lolote. Watanzania ugonjwa huu wanauita sonona, sisi huku twasema tu ana stresi, ana mawazo, na ndo maana watu hawaendi kutibiwa, nani aende hospitali kwa sababu ya mawazo?

Nilipewa dawa na siku za kuzungumza na mshauri. Dawa hizi si kama panadol, zachukua wiki kadhaa kushika na mwanzo unaweza kuona hazifanyi kitu, usiache na usikate mwenyewe hata ukipata nafuu, rudi kwa aliyekuandikia. Na kama unatafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, ili mchana uende, jua unauiba usingizi wa usiku, na bila usingizi hakuna kitakachokaa sawa. Niliwaona rafiki zangu wawili wakipotelea hapo na bado yaniuma.

Baadaye, Machi 2022, Shirika la Afya Duniani likasema kwamba mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona ziliongezeka duniani kwa asilimia 25. Nilipoisoma hiyo nilikaa kitako. Kumbe wakati naona ni mimi peke yangu niliyeharibika, tulikuwa mamilioni.

Jengine linalowafunga watu mdomo ni sheria. Kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226, mtu akiogopa kusema asije akafungwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Mwambie huyo mtu wako, pengine ndicho kinachomzuia.

Kama ni wewe na usiku umekuwa mrefu, piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu, haikatwi pesa, na unaweza kuongea Kiswahili. Kama fikra za kufa zimekaribia sana usibaki peke yako chumbani, gonga mlango wa jirani hata kama ni saa nane za usiku, au nenda hospitali iliyo karibu. Na kama ni wewe unayempeleka mtu, nenda naye asubuhi mapema, beba chupa ya maji na kitu cha kula, maana foleni ni ndefu na mtu mwenye hali hii akikaa saa mbili peke yake kwenye benchi huinuka akarudi nyumbani. Dadangu alivuka feri saa kumi na mbili asubuhi tukaenda sote, akakaa karibu yangu mpaka jina langu likaitwa.