Ogopeni neno mnalolijua: kwa mnaoanza kutafsiri Kiingereza cha kale

Nimetoka kupitia rasimu za tafsiri za vijana wetu wapya, na Kiswahili chao kinateleza vizuri tu, nafurahi kweli. Halafu nikafika Mwanzo 1:29 ya King James, ile Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale Mungu anampa binadamu mimea na matunda ya miti, nikakuta mmoja kaandika "vitakuwa nyama yenu". Majani yamekuwa nyama jamani, na mwandishi kaendelea na mstari unaofuata kama kawaida! "Meat" enzi hizo ni chakula, chakula chochote kile, na nyama yenyewe waliiita "flesh". Hili nimelirekebisha kwa watu wengi mno sasa, ndo maana naandika ili nikiulizwa tena nimtumie mtu hii asome.

1. Neno geni halina shida. Ukikutana na "fardels" kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, utakimbilia kamusi mwenyewe bila kusukumwa, utakuta ni mizigo, umemaliza. Linalokuangusha ni lile ulilofundishwa darasa la tatu. Chukua "let". Hamlet anasema atamgeuza mzimu mtu yeyote "that lets me", yaani atakayemzuia, na kila mwaka lazima atokee kijana wa kuandika "atakayeniruhusu", sasa mtu anakuruhusu halafu unamuua kwa kosa gani? Zamani yalikuwa maneno mawili tofauti kabisa, lettan la kuzuia na lætan la kuacha, matamshi yakakutana njiani na lile la kuzuia likazidiwa nguvu, ila halijafa lote, wacheza tenisi bado wanalo mpira wa kuanzisha ukigusa neti. Na "prevent" ni kutangulia. Nendeni 1 Wathesalonike 4:15 kwenye Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili ya 1952, mtaona wazee wetu waliweka "hatutawatangulia". Wasomeni hao wazee.

2. Corn. Hapa mnivumilie maana hili linaniuma mpaka leo. Nilipokuwa mgeni nilipewa kitabu cha historia cha wanafunzi wa sekondari, kina sura ya Uingereza karne ya 19, na kila palipoandikwa "Corn Laws" mimi nikaweka Sheria za Mahindi. Kamusi sikufungua, ningefungua ya nini wakati mahindi nimekua nayo, nikaliingiza kwenye glosari, ile orodha yangu ya istilahi, nikabofya badilisha yote, kitabu kizima kikawa mahindi. Kumbe "corn" kwa Mwingereza ni nafaka, na England hasa ni ngano. Sheria ya 1815 ilizuia ngano ya nje isiuzwe mpaka bei ya ndani ifike shilingi 80 kwa quarter, wenye mashamba wakashiba na wafanyakazi wa viwandani wakalia mkate ghali. Mkate! Nilikuwa naandika mkate kwenye sentensi moja na mahindi kwenye inayofuata, na sikusimama hata kidogo kujiuliza. Quarter nayo niliiita robo, wakati ni kipimo cha busheli 8, ngano ya kilo zaidi ya 200.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mahindi yenyewe yamo kweli kwenye hiyo historia. Mwaka 1845 ugonjwa ulipoharibu viazi vya Ireland, Waziri Mkuu Robert Peel aliagiza kimyakimya mahindi kutoka Marekani, kitabu kiliyaita "Indian corn", na watu wa Ireland walikuwa hawana uzoefu nayo, punje ngumu, vinu vyao vinapata tabu kuzisaga. Uzito wa kisa uko hapo hapo, wenye njaa wanaletewa chakula wasichojua hata kukipika, na mimi nilikuwa nimeshawalisha Waingereza wote mahindi tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo msomaji wangu hakuona ugeni wowote. Peel akazifuta hizo sheria 1846. Mimi nilipokuja kugundua kosa, kitabu changu kilikuwa kimeshachapwa. Mwalimu mmoja aliniandikia kwa upole sana, mwanangu, hawa Waingereza mahindi waliyalima wapi? Sikuwa na jibu la kumpa. Kuna watoto walishakariri jina lile kwa ajili ya mtihani na hakukuwa na njia ya kumfikia kila mmoja nimwambie nilikosea.

Andikeni Sheria za Nafaka. Na Yusufu kule Misri aliuza nafaka, mahindi yalivuka bahari baada ya safari za Columbus.

3. "Thou", ile "wewe" ya Kiingereza cha kale, si heshima. Mnaisikia kwenye sala mnadhani ni ya wakubwa, lakini King James inamwita hivyo yeyote aliye mmoja, Mungu na shetani sawasawa. Kwenye maisha ya mjini ilikuwa ya mtoto, mpenzi, mtumishi, au mtu unayetaka kumdhalilisha. Kwenye kesi ya bwana mkubwa wa Kiingereza Walter Raleigh mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia hiyo "thou" makusudi na kumwita msaliti. Sisi "wewe" ni ya wote, heshima tunaibeba kwa mzee, bwana, mama, shikamoo, kwa hiyo mhusika wa tamthilia akihama kutoka "you" kwenda "thou" mvue ule ubwana, mbakizie "wewe" kavu. Msomaji atausikia mkwaruzo.

4. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford (sehemu ya kwanza ilitoka 1884, wakamaliza 1928) ukiona alama ya kisu kinachofanana na msalaba, maana hiyo imekufa. Angalia miaka ya mifano, linganisha na mwaka wa kitabu chako, basi.

5. "Silly" ilianza kama mwenye heri, ikawa asiye na hatia, ikawa wa kuhurumiwa, ndo ikaishia mpumbavu. "Nice" ilipita njia ya kinyume, ilianza na ujinga. "Wherefore" ni kwa nini, Juliet wa Shakespeare hamtafuti Romeo yuko wapi, anauliza kwa nini awe Romeo. Na kwenye King Lear, tamthilia yake nyingine, pale Edgar anapojifanya kichaa na kusema amekula panya "and such small deer", tafadhalini msimwekee swala mezani, "deer" hapo ni wanyama wadogo wowote wale, ndugu yake Mjerumani "Tier" bado anayo maana hiyo ya mnyama, na huyo Edgar alikuwa analala nje na njaa.