Baba, fyeka barabara ya moto kabla ya kununua ndege nyuki

SWALI: Binti yangu, salaam. Nina heka 12 za mikorosho nyuma ya Chanika, njia ya kwenda Kisarawe. Mwaka jana mwezi wa tisa jirani alikuwa anasafisha shamba, moto ukamshinda, ukaingia kwangu. Nimepoteza mikorosho 41, mingine niliipanda na marehemu mke wangu. Sasa kitinda mimba wangu ameona kwenye simu ndege nyuki, hizi droni, zinazima moto huko Marekani na Uchina. Anataka nitoe milioni tatu za korosho tununue moja. Nimpe?
Mkulima, Chanika

JIBU: Shikamoo baba. Pole sana, na pole zaidi kwa ile mliyoipanda na mama.

Hizo milioni tatu usizitoe kwanza. Sisemi hivyo kwa kulidharau wazo la mwanao. Mimi mwenyewe ndege nyuki ndiyo inayonilisha. Nilianza kuirusha kwenye kazi za ramani za mafuriko, bonde la Msimbazi, na hadi leo ndiyo kazi yangu. Kwa kuwa naijua, najua pia isichoweza.

Haiwezi kuzima moto wa shamba. Maji ni mazito, lita moja ni kilo moja. Zile ndege nyuki kubwa za kupulizia dawa mashambani, nyingi hubeba lita 40 hivi, yaani ndoo mbili. Ndege ya zimamoto inayochota maji ziwani, kama CL-415 ya Kanada, hubeba lita zipatazo 6,000 kwa mara moja, na bado hainyamazishi moto peke yake. Wanaoumaliza ni watu walio chini wenye majembe. Hiyo ya milioni tatu ni ya kupiga picha tu, haina hata pa kuwekea maji.

Na mwulize vizuri alichoona. Inawezekana aliona ndege nyuki inadondosha vitu msituni akadhani ni dawa ya kuzima moto. Marekani wanazo zinazodondosha vitufe vya plastiki, vya ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, ndani vina potasiamu pamanganeti, ile dawa ya zambarau. Kila kitufe kikikaribia kudondoka hudungwa glaikoli, na baada ya sekunde chache kinawaka. Kazi yake ni kuwasha. Wanayachoma majani yaliyo mbele ya moto mkubwa ili ukifika pale ukose cha kula. Ni kazi ya watu waliosomea, tena wenye kikosi kizima chini. Kwenye mikorosho yako sitaki hata kuifikiria.

Sasa nikwambie inachoweza, maana hapo ndipo mwanao ana haki.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, rafiki yangu mwenye shamba upande wa Pugu alinipigia simu usiku. Moto kichaa ulikuwa umezimwa tangu magharibi, watu wamechoka, wamekwenda kulala. Yeye usingizi haukuja. Nilifika na ndege nyuki ya kazini, yenye kamera ya joto, tukairusha saa kumi alfajiri. Saa hiyo ardhi imepoa, na kitu chochote chenye moto kinajitokeza. Kwenye skrini shamba lote lilikuwa la kijivu kizito, na juu yake vidoa vyeupe, kama mtu amemwaga punje za mchele kwenye sufuria nyeusi. Vingi vilikuwa ndani ya eneo lililoungua, tulivitegemea. Kimoja kilikuwa nje, hatua kama 40 ndani ya majani makavu ambayo moto haukuyagusa.

Tulitembea hadi pale na tochi. Hakuna moshi, hakuna harufu, chini ya mkorosho mzima wenye majani yake. Nikasema kamera imekosea. Rafiki yangu akainama, akapitisha mgongo wa kiganja juu ya udongo, karibu bila kuugusa, akaurudisha mkono haraka. Alipochimba, jembe la tatu lilifika kwenye mzizi mkavu wa mti uliokatwa zamani, mnene kama mkono wangu, na ndani ulikuwa mwekundu kabisa. Moto ulikuwa umesafiri chini kwa chini. Tulimwaga ndoo, tukakoroga tope kwa jembe, tukamwaga tena, maana ukimwaga bila kukoroga unapoa juu tu. Hadi jua linachomoza tulikuwa tumezima sehemu kumi na moja. Jua likishapanda kamera hiyo inachanganyikiwa, mabati na mawe navyo vinang'aa. Na upepo wa mchana ungeukuta ule mzizi, nina hakika shamba lingewaka upya.

Hiyo ndiyo faida yake, baba: inaona kupita moshi, inaona usiku, inakwambia jembe liende wapi. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliwaka zaidi ya wiki na kuunguza karibu kilomita za mraba 95. Mamia ya watu walipanda kuupiga kwa matawi, na moshi ukiwa mzito mtu wa chini haoni hata mwenzake. Jicho la juu linawaepusha watu kama hao kwenda mahali moto unapowazunguka. Lakini lingekuwepo jicho bila wale watu wa kuupiga, mlima ungeendelea kuungua.

Kwa hiyo fedha zako zianzie chini. Fyeka barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuuzuia, kuzunguka shamba kabla mwezi wa nane haujaisha, udongo uonekane, na upande wa yule jirani iwe pana zaidi. Majani makavu chini ya mikorosho yakusanye yakae mbali na shina. Mabomba ya mgongoni mnayopulizia dawa ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, yaosheni yakiisha msimu, yajazeni maji, yakae tayari. Na salfa ya ubwiriunga iliyobaki, baba, tafadhali usiiweke kwenye kibanda cha makuti shambani. Salfa inawaka, na moshi wake unakaba pumzi. Nimeona watu wengi wakiihifadhi hivyo na inaniogopesha kila mara.

Kisha kaa na jirani mbele ya mwenyekiti. Mkubaliane kwamba hakuna anayechoma bila kuwaambia wenzake, na kwamba atachoma jioni upepo ukitulia, watu wakiwepo na maji. Najua umeumia, lakini mkutano huo utakusaidia kuliko chombo chochote.

Ndege nyuki ipelekeni kwenye chama chenu cha msingi. Yenye kamera ya joto inazidi milioni kumi, na betri moja hukaa angani nusu saa au zaidi kidogo, hivyo inataka betri kadhaa. Mkulima mmoja haimlipi; chama kizima, ambacho pia kitaitumia kuhesabu miti na kukagua mashamba, inaweza kukilipa. Mwanao apelekwe kusomea urubani wake na afuate kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, maana huko kwenu si mbali na njia ya ndege zinazoshuka uwanja wa Julius Nyerere. Kijana aliyeona mbali kiasi hicho mtumieni.

SWALI: Dada, nipo Gongo la Mboto, nina ndege nyuki ndogo ya kurekodia harusi. Msitu wa Pugu ukiwaka naweza kuirusha niwasaidie zimamoto kuona?
Mpiga picha

JIBU: Usiirushe, mdogo wangu, ila wenyewe wakikuita. Januari 2025, moto ulipokuwa unateketeza Los Angeles, ndege nyuki ndogo ya mtu binafsi iligongana na ndege ya kumwaga maji, ikatoboa bawa. Rubani alitua salama, namshukuru Mungu, lakini ndege ile ililazimika kuwekwa chini kwa matengenezo moto ukiwa bado unaunguza nyumba za watu. Chombo chako kikiwa angani, rubani wa helikopta hakioni hadi kimefika kwenye kioo.

Ukiona moto piga 114. Taja barabara, taja alama iliyo karibu, sema upepo unavuma kuelekea wapi. Na kama kweli unataka kusaidia, nenda kituo cha zimamoto sasa hivi, kiangazi kabla hakijakolea, na kibali chako mkononi. Waachie jina na namba, waambie una chombo gani na betri ngapi.